Kuonja vinywaji Mare Island, karakana ya zamani ya manowari: tuanzie wapi na tunywe kiasi gani?

MwanaPwani_CA

Wakuu, habari za jioni. Tupo sita, Jumamosi ijayo tunatoka San Francisco kwenda Mare Island, ile karakana ya zamani ya jeshi la majini la Marekani pale Vallejo. Tunataka kuipita ile njia ya kuonja wanayoiita Wet Mile: bia, mvinyo na wiski, yote kwa miguu. Wanne tunakunywa, wawili hawagusi pombe kabisa. Gari hatuna na hatulitaki.

Naomba msaada kwa wanaopajua. Feri inatufikisha kisiwani au inatuacha Vallejo? Tuanze na kinywaji kipi? Neno "kuonja" lina maana ya kiasi gani hasa kwa kila kituo? Na wale wawili wasiokunywa watapata cha kufanya, au tutawachosha bure?

Gati_Namba_Moja

Nianze na feri, maana ndiyo inayoharibu siku za wengi. Boti za San Francisco Bay Ferry zinaondokea kwenye gati za Ferry Building, na hadi Vallejo ni kama saa nzima. Kisiwa kipo ng'ambo ya mkondo mwembamba wa maji, na kina kituo chake tangu 2017, lakini si kila boti inayofika Vallejo huendelea hadi kule. Fungua ratiba ya mwisho wa wiki, usisome ya siku za kazi, kisha tafuta safari ambazo Mare Island imetajwa kwa jina. Mkipanda inayoishia Vallejo itabidi mkodi gari mpite kwenye daraja la Causeway, na daraja lile hunyanyuliwa kupisha vyombo. Likinyanyuka mbele yenu, mnasubiri tu.

Nauli lipeni kwa Clipper, kadi ya usafiri ya kule, kila mtu na kadi yake au simu yake. Gusa unapopanda na gusa tena unaposhuka. Wanaosahau ya pili hukatwa nauli isiyo yao.

Kurudi, pangeni boti iliyo kabla ya ile ya mwisho. Mkiikosa bado mna nyingine. Mkipanga ya mwisho mkaikosa, mtalipa teksi ya usiku ya watu sita hadi San Francisco, na hiyo inaweza kuzidi gharama ya vinywaji vyote vya siku.

Mpangilio wa mahali ni rahisi. Nimitz Avenue inafuata ufuo. Mare Island Brewing wapo humo, kwenye mabanda yaliyokuwa ya makaa ya mawe enzi za meli za mvuke. Savage & Cooke, wale wa wiski, wapo barabara hiyohiyo. Mvinyo wa Vino Godfather upo Walnut Avenue, mtaa wa nyumba kubwa za maofisa, mkipanda kidogo kutoka majini. Umbali si tatizo. Tatizo ni chini: reli za winchi za zamani zimebaki ndani ya lami na pengo lake linameza kisigino chembamba, kwa hiyo vaeni viatu bapa. Na chukueni makoti hata kama San Francisco asubuhi kuna jua, kwa sababu alasiri upepo wa ghuba hupita pale moja kwa moja na mabanda hayana cha kuuzuia.

Pigeni simu kila kituo siku mbili kabla. Kundi la watu sita mahali pa kuonjea wiski linahitaji nafasi iliyowekwa, na saa za kufungua hubadilika kufuatana na msimu na sherehe za kukodi.

Pipa_la_Mwaloni

Kuhusu nini kianze: mvinyo, kisha wiski, bia mwisho pamoja na chakula. Najua wengi watasema bia kwanza kwa kuwa ndiyo nyepesi, lakini nguvu ya kilevi ni nusu tu ya jambo. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hubaki ulimini muda mrefu. Ukitoka kwenye IPA, bia yenye hopsi nyingi, ukanywa mvinyo mwekundu, utasikia ukakasi tu, matunda yote yamepotea, na utamlaumu mtengeneza mvinyo kwa kosa la bia. Kuleni kitu kabla ya kituo cha kwanza, chenye mafuta kidogo na wanga, kisiwe na pilipili. Pilipili na kilevi vinachoma mahali pamoja.

Kwenye mvinyo ombeni chombo cha kutemea. Hakuna aibu yoyote, watu wa kazi hiyo wanatema wote.

Savage & Cooke ndipo penye mambo ya kujifunza. Mwanzilishi wake, Dave Phinney, alikuwa mtengeneza mvinyo wa Napa, bonde la mvinyo la California, kabla ya kuingia kwenye wiski, na hilo unalionja. Kwa sheria ya Marekani bourbon, wiski ya mahindi, lazima iwe na mahindi angalau asilimia 51, ikenekwe isizidi asilimia 80 ya kilevi, iingie kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani ikiwa haizidi asilimia 62.5, na chupani isishuke chini ya 40. Pipa jipya lililochomwa ndilo linaloleta vanila na ladha ya sukari iliyoungua. Wao wakishamaliza hatua hiyo wanahamishia kwenye mapipa yaliyowahi kushika mvinyo. Ubao wa pipa la namna hiyo umefyonza mvinyo, na wiski inauvuta polepole: rangi inaelekea wekundu, ladha inapata matunda yaliyokaushwa na ukakasi mdogo mwishoni. Ndiyo maana nashauri mvinyo utangulie. Ukitoka kuonja mvinyo mwekundu wa eneo lilelile, utautambua ndani ya Burning Chair, bourbon yao, bila kuambiwa. Kisha linganisheni na Lip Service, ambayo ni ya rai (rye), nafaka jamii ya ngano: ile ina ukali wa viungo mahali ambapo bourbon ina utamu.

Namna ya kuonja. Shusha pua hadi usawa wa mdomo wa glasi, usiiingize ndani, na uache kinywa wazi kidogo unaponusa. Ukifunga kinywa, kilevi kinachoma pua na hunusi kitu kingine kwa dakika kadhaa. Funda la kwanza liwe dogo sana, zungusha, meza, usihukumu. Funda la pili ndilo la kutolea maoni. La tatu weka maji: kwa ml 15 za wiski ya asilimia 45, nusu kijiko cha chai, yaani kama ml 2, huishusha karibu na 40, na harufu iliyokuwa imejificha inatoka. Barafu iacheni. Baridi hufunga harufu, na harufu ndiyo mliyoifuata.

Hesabu_ya_Glasi

Swali la kiasi ndilo la maana kuliko yote, naona limepitwa. Marekani kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 14 za kilevi tupu. Kupata gramu unazidisha ml kwa asilimia kwa 0.789, uzito wa ml moja ya kilevi.

Trei ya bia ni glasi nne, kila moja aunsi 4, yaani ml 118. Jumla ml 473. Kwa wastani wa asilimia 6: 473 × 0.06 × 0.789 = gramu 22, sawa na kipimo kimoja na nusu na kidogo juu. Mvinyo, glasi tano za ml 30 zenye asilimia 14.5: gramu 17, kipimo kimoja na robo hivi. Wiski: California inaweka kikomo cha onjo kwenye kiwanda cha pombe kali kuwa aunsi 1.5 kwa mtu kwa siku, ml 44. Kwa asilimia 45 ni gramu 15.6, zaidi kidogo ya kipimo kimoja. Kwa hiyo msishangae mkiletewa matone ya ml 7 au 15 mkadhani mmepunjwa. Kipimo kile ni cha sheria.

Jumlisha: gramu 55, karibu vipimo vinne kamili kwa mtu. Mwili huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa, wengine chini ya hapo, hasa wenye umbo dogo. Mkitandaza kwa saa tano mkila na kunywa maji, mtapanda boti mkiwa timamu. Mkibana kwa saa mbili na nusu, kituo cha tatu hamtaonja chochote, mtakuwa mnakunywa tu.

Pale hesabu inapovunjika ni bia. Mtu anamaliza trei, anaipenda mojawapo, anaagiza glasi kubwa ya ml 473 ya IPA yenye asilimia 7. Hiyo peke yake ni gramu 26. Ukiitaka glasi kubwa, usiagize trei. Na wawili wanaweza kugawana trei moja.

Maji: glasi moja kamili kwa kila kituo, ya lazima.

Pishi_la_Bia

Naungana na hesabu, lakini napingana na Pipa_la_Mwaloni kwenye jambo moja. Bia nyepesi baada ya wiski inaonekana kama maji, na hiyo ni kuionea. Kama mtaweka bia mwisho, basi rukeni zile nyepesi muingie kwenye stout, bia nyeusi nzito. Kama mnataka kuzijua zote, anzeni siku kwa glasi mbili ndogo za nyepesi, nendeni mvinyo na wiski, mrudi kumalizia nzito. Kiwanda cha bia kipo barabara moja na wiski, kwa hiyo kurudi hakuna gharama. IPA ndiyo isitangulie mvinyo, hapo amesema kweli kabisa.

Majina ya bia zao yafuateni, maana ni historia ya karakana yenyewe. Saginaw ilikuwa manowari ya kwanza kujengwa hapo, ikashushwa majini 1859, miaka mitano baada ya karakana kuanzishwa. Angles & Dangles ni msemo wa mabaharia wa nyambizi: chombo kinainamishwa pua chini, kisha pua juu, kwa makusudi, kuona kama kuna kitu hakikufungwa vizuri. Coal Shed Stout ni mabanda mnayokaa. Na wakiwa na General Order No. 99, jueni hiyo ilikuwa amri halisi. Josephus Daniels, waziri wa jeshi la majini, alipiga marufuku pombe kwenye manowari zote na ndani ya karakana na vituo vyote vya jeshi la majini, kuanzia tarehe 1 Julai 1914. Kwa hiyo fundi aliyekuwa akifanya kazi kwenye majengo haya kiu yake aliivusha maji hadi baa za Georgia Street, Vallejo. Karakana ilifungwa 1996.

Kuhusu joto: stout ikifika mezani ina baridi ya bomba, nyuzi 3 au 4. Iacheni dakika kumi, izungushieni glasi viganja. Ikikaribia nyuzi 10 ndipo kahawa na chokoleti vinapojitokeza.

Bakshishi ni kati ya asilimia 18 na 20, na semeni mapema kama mnataka bili zigawanywe. Msitoke na glasi nje ya uzio. Leseni inaishia hapo.

Gati_Namba_Moja

Wale wawili wasiokunywa msiwaburute kila kituo. Kuna jumba la makumbusho kwenye Jengo 46, mojawapo ya majengo ya mwanzo kabisa ya karakana, la miaka ya 1850. Kanisa la St. Peter's la 1901, lililopo Walnut Avenue, lina madirisha ya vioo vya Tiffany yanayostahili saa nzima, ila ndani huingii bila mpangilio, ulizeni makumbusho. Ufukweni kuna meli ndogo ya kivita ya Vita vya Pili, LCS-102, inayotunzwa na wanaojitolea. Wakipenda kutembea, kusini mwa kisiwa kuna makaburi ya wanamaji, wamo mabaharia sita wa Kirusi waliokufa wakizima moto San Francisco 1863. Mkutane wote kwenye chakula.

MwanaPwani_CA

Asanteni sana wakuu. Tumeamua: nyepesi mbili, mvinyo, wiski, halafu chakula na stout. La mwisho: mmoja wetu anasafiri wiki ijayo kwenda Dar na anataka kubeba chupa mbili za wiski. Inaruhusiwa?

Hesabu_ya_Glasi

Ndiyo. Ziingie kwenye sanduku la kukabidhi, begi la mkononi halipokei kimiminika zaidi ya ml 100. Kilevi cha kati ya asilimia 24 na 70 kinaruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria, chupa ziwe hazijafunguliwa. Juu ya 70 hakiingii ndege kabisa. Avishe kila chupa soksi, kisha mfuko wa plastiki wa kufunga, aziweke katikati ya nguo, shingo mbali na kona za sanduku. Kizibo cha mbao akizungushie plastiki ya jikoni. Na aangalie kiwango cha forodha kabla, halafu anapofika atamke alichobeba.