Historia ya uchaguzi wa Jimbo la Ilemela lilipokuwa ndani ya Jiji la Mwanza

Mkazi wa Kitangiri aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakusanya historia ya uchaguzi wa ubunge katika Jimbo la Ilemela, hasa kwa kipindi ambacho lilikuwa, pamoja na Nyamagana, mojawapo ya majimbo mawili ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Matokeo ya 2005 na 2010 yanatajwa chini ya Jiji, ilhali ya 2015 na 2020 yanatajwa chini ya Manispaa ya Ilemela. Je, ni sahihi kuyaweka yote katika jedwali moja? Na ni nini kilichoifanya CCM ipoteze majimbo yote mawili kwa mkupuo mwaka 2010?

Karani wa Buswelu alijibu:

Yaweke pamoja bila wasiwasi. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na Ilemela ikapata halmashauri yake mwaka 2012, lakini mbunge huchaguliwa na jimbo, wala si na halmashauri. Kura za ubunge hujazwa katika fomu namba 21B palepale kituoni, nakala ikabandikwa nje ili wananchi waisome, kisha hujumlishwa kwa jimbo zima. Kilichobadilika mwaka 2012 ni baraza: kabla ya hapo madiwani wa Kirumba na Nyakato waliketi pamoja na wale wa Igogo na Butimba kumchagua meya mmoja.

Usithubutu, hata hivyo, kulinganisha kata kwa kata. Katika sensa ya 2012 Ilemela ilikuwa na kata 9, na sasa zimefika 19, kwa hiyo Kiseke au Buzuruga huwezi kuzitafuta katika matokeo ya 2010.

Msomaji wa Igogo alijibu:

Kuhusu 2010, nisingependa tuseme kwamba ulikuwa upepo tu, maana neno hilo linawanyima wapiga kura sifa ya kuamua. Walioshindwa hawakuwa wagombea dhaifu. Nyamagana, Lawrence Masha alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Pingamizi kuhusu uraia wa Ezekia Wenje wa CHADEMA lilifika hadi Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Tume ikamruhusu agombee, naye akashinda. Ilemela, Anthony Diallo alikuwa amewahi kuwa waziri, tena ndiye mwenye Radio Free Africa na Star TV, vyombo vinavyosikilizwa na kutazamwa Kanda ya Ziwa nzima, lakini jimbo likachukuliwa na Highness Kiwia, naye wa CHADEMA. Mwaka huohuo Ukerewe nayo ilikwenda upinzani, na ng'ambo ya mkoa wetu, Musoma Mjini vilevile. Kwa maoni yangu, mjini hapa wachuuzi na vijana wasio na ajira walitaka mbunge wanayeweza kumfikia, na cheo cha uwaziri kikageuka kuwa umbali.

Mwaka 2015 CCM ilirejesha majimbo yote mawili: Angeline Mabula kwa Ilemela, na Stanslaus Mabula, aliyekuwa meya wa Jiji, kwa Nyamagana. Wote wawili walishinda tena 2020.

Mzee wa Kirumba alijibu:

Wanangu, msianzie mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura bila kuongozwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyejenga jina lake katika ushirika wa wakulima wa pamba huku Usukumani, alishindwa katika jimbo lake hapa Mwanza, na ikabidi Mwalimu Nyerere amteue kuwa mbunge ndipo arudi serikalini. Watu wa hapa walimwangusha waziri miaka 45 kabla ya Masha, bila chama cha upinzani kuwapo.

Mkazi wa Kitangiri:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote. Jedwali litakuwa moja, kwa jimbo, na safu ya pembeni itaonyesha halmashauri iliyohusika kila mwaka, kata nitaziacha. Ya 1965 nitaiandikia sura yake, kwa kuwa mipaka ya majimbo ya wakati ule si hii ya leo.