Majirani Korti C, Buruburu: mzinga wa Brayo unavuja

*IJUMAA*

*Brayo, 19:12*
Habari za jioni wazazi na majirani. Naomba msaada kabla ya fainali ya Jumapili. Ule mzinga wa kurusha fulana unavuja. Nikipampu kwa pampu ya mguu hewa yote inatokea mdomoni mwa mtutu, shhhhhh, geji ya presha haipiti psi 10. Lakini kwa fundi wa pancha, kwa kompresa yake, ulishika mpaka 40 bila kelele yoyote.

*Otieno, 19:14*
Basi tumbebe fundi wa pancha na kompresa yake mpaka uwanjani, maneno yaishe 😂

*Shosho, 19:20*
Mtoto anatengeneza mzinga? Wa kumpiga nani?

*Mama Neema, 19:21*
Wa kurushia mashabiki fulana, Shosho. Ni hewa tu, hakuna moto wala baruti.

*Shosho, 19:23*
Hewa ndiyo ilipasua tairi la basi letu tukienda Murang'a. Msinambie ni hewa tu.

*Mwalimu Omar, 19:31*
Brayo mwanangu, umetumia vali gani?

*Brayo, 19:33*
Ya umwagiliaji Mwalimu, inchi moja, zile za mashamba ya matone. Nilitoa koili ya umeme pale juu, nikatoboa nikaweka ile bastola ya mekanika ya kupulizia vumbi. Nikibonyeza, hewa iliyo juu ya kiwambo (kile kipande cha mpira ndani ya vali) inatoka, kiwambo kinainuka, tangi linajimwaga lote kwenye mtutu.

*Fundi Maina, 19:34*
Ngoja kwanza. Tangi ni nini?

*Brayo, 19:34*
Bomba la PVC Fundi, inchi 4, la kijivu

*Fundi Maina, 19:35*
La maji taka?

*Brayo, 19:38*
Ndiyo

*Fundi Maina, 19:41*
Toa hewa yote sasa hivi na usiweke tena. Hilo bomba ni la maji yanayoteremka yenyewe kwenda kwa shimo. Halijatengenezewa presha hata kidogo. Na hata PVC ya presha imepimwa kwa maji, si kwa hewa. Maji yakilipasua unalowa, unafunga koki kuu ya maji, unaenda kununua lingine. Hewa ikilipasua linavunjika vipande vyenye ncha na vinaruka kila upande. Mimi nimefanya kazi ya bomba miaka yangu yote na hicho kitu sikikaribii.

*Mwalimu Omar, 19:52*
Fundi kasema kweli. Idara ya usalama kazini ya Marekani ilishatoa onyo hilo hilo mwaka 1988: PVC isitumike kwa hewa iliyobanwa. Nimepiga hesabu hapa. Tangi la lita 10 likiwa na psi 60 limeficha zaidi ya jouli 4,000. Hiyo ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukidondoka kutoka mita 8. Sasa uamue kama unataka mfuko huo udondoke mbele ya uso wako.

*Mama Neema, 19:55*
Brayo, fulana nimelipia kwa pesa za korti na risiti ninayo. Lakini hilo bomba likionekana uwanjani mimi na watoto wangu hatuji.

*Fundi Maina, 20:03*
Kijana, kesho asubuhi tupitie Kirinyaga Road kwa wauza vipuri tutafute tangi la breki za lori. Hayo hubeba psi 100 na zaidi kila siku barabarani. Lenye kutu nyingi tunaliacha, lililochomelewa kiraka tunaliacha, hata muuzaji akiapa. Tukirudi tunalijaza maji pomoni na kulipima kwa ile pampu yangu ya kupimia laini za bomba. Maji hayabaniki, kwa hivyo likishindwa litatema maji tu.

*Otieno, 20:04*
Na mimi nikadhani hii ni kazi ya kubadilisha waya moja 🙆🏾‍♂️

*JUMAMOSI*

*Brayo, 12:47*
Tangi tumepata. Limepimwa kwa maji mpaka 90, geji haikutikisika. Asante sana Fundi. Nimehamishia vali yangu. Inavuja vilevile, palepale mdomoni 😩

*Otieno, 12:49*
Vali imekufa bana, nunua nyingine

*Mwalimu Omar, 12:58*
Asinunue kitu. Brayo, hiyo sauti inakudanganya. Unaisikia mdomoni lakini ugonjwa naona uko juu. Fikiri: kiwambo kina kitundu kidogo. Hewa ya tangi hupenya hapo na kujaza chumba cha juu. Presha ya juu ikilingana na ya chini, juu ndiko kunashinda, kwa sababu hewa ya juu inakandamiza kiwambo chote na ya chini inasukuma ukingo peke yake. Springi nayo inasaidia. Hapo kiwambo kinakaa na mdomo unafungika. Lakini kama chumba cha juu kina mwanya unaotoa hewa kwa kasi ile ile inayoingia kwenye kitundu, kiwambo hakikai kamwe.

*Brayo, 13:01*
Na mbona kwa kompresa kilikaa?

*Mwalimu Omar, 13:04*
Kompresa inaleta hewa kwa wingi na kwa ghafla, juu kunajaa hata kama kuna mwanya. Pampu ya mguu inaleta kidogo kidogo, na kila unacholeta kinatoroka kabla kiwambo hakijapata uzito wa kukikalisha.

*Fundi Maina, 13:09*
Hapo sasa. Chukua sabuni ya vyombo na maji, tikisa ipate povu, paka kwa brashi. Mtutu ufungue uweke kando kabisa. Anza na bastola, halafu pale inapoingilia kwenye vali, halafu skrubu za kifuniko. Mdomo uache, huo tunajua unapiga kelele.

*Brayo, 14:26*
Nimepata!! Shingoni mwa bastola, pale nilipobandika kwa epoksi, mapovu madogo yanatoka bila kukoma. Skrubu ni safi. Nimetoa hewa yote nikafungua kifuniko, kuna kijipande cha plastiki kimekaa kwenye kitako cha kiwambo, nafikiri ni cha wakati wa kutoboa.

*Fundi Maina, 14:31*
Kitoe, futa kitako kwa kitambaa chenye unyevu, usikwaruze. Angalia kiwambo kwenye mwanga kama kimechanika. Hiyo epoksi ng'oa yote. Gundi si ya kushikilia presha peke yake kwenye plastiki laini. Lete hiyo vali kwangu nikukatie nyuzi, tuzungushe tepu nyeupe kuelekea upande wa kukaza, tukaze, ndipo gundi ije kwa nje. Halafu ilale usiku mzima bila kuguswa.

*Otieno, 14:33*
Usiku mzima na mechi ni kesho saa nane?

*Fundi Maina, 14:33*
Otieno, wewe si ndiye ulitaka inunuliwe mpya?

*JUMAPILI*

*Brayo, 08:40*
Mdomo umenyamaza kabisa!! Pampu ya mguu imefika 60. Lakini sasa inashuka polepole, iko 58 🥲

*Mwalimu Omar, 08:44*
Gusa bomba la pampu. Lina joto?

*Brayo, 08:44*
Lina joto sana

*Mwalimu Omar, 08:47*
Basi hewa iliyoingia tangini nayo ni ya moto. Ikipoa presha hushuka hata kama hakuna mwanya popote. Ikishuka ikasimama, hiyo ni joto. Ikishuka bila kusimama, rudi kwa sabuni.

*Brayo, 09:30*
Imesimama 57. Nimeoga, nimekunywa chai, bado 57 💪🏾

*Fundi Maina, 09:36*
Sawa. Uwanjani 40 inatosha. Mtutu uelekee juu, si kwa watu. Hakuna kuchungulia ndani, hata kwa utani. Fulana zilizokunjwa peke yake, nikiona kiazi au chupa humo naondoka na tangi. Ukiubeba kutoka hapa, koki ya kumwagia hewa iwe wazi. Na hakuna kugusa skrubu yoyote kabla geji haijafika sifuri.

*Mama Neema, 09:41*
Na watoto wadogo wakae nyuma ya kamba. Mzee wa geti amekubali kuisimamia.

*Otieno, 09:42*
Mimi navaa XL, nitakuwa upande wa goli la chini 🙌🏾

*Shosho, 09:50*
Nami nitakuja. Nitakaa nyuma ya Brayo, si mbele.

*Fundi Maina, 09:52*
Brayo, hiyo geji ni yangu ya kupimia laini. Kesho nina kazi Donholm.

*Brayo, 09:53*
Nakuletea leo jioni Fundi, nikishamwaga hewa.