Ushauri: Ajenti wa AI anavuruga kazi za mradi wetu wa visima, nihamie modeli kubwa?

Mchimba_Data:
Wakuu habari za jumapili. Nipo Dodoma, Nzuguni, kwenye kampuni ndogo ya kuchimba visima, saiti zetu zipo Bahi, Chamwino na moja Kongwa. Mwezi wa pili huu nimeunga ajenti wa AI kwenye mfumo wetu wa kusimamia miradi, mafundi wanatuma meseji kwa Kiswahili chao, yeye anafungua kazi, anaweka tarehe, anampangia mtu, anakumbusha. Mwanzoni ilienda poa kabisa, sasa hivi anashika zana siyo (zana ni zile amri za mfumo nilizompa azitumie), kazi haijaanza yeye kaifunga. Silali wakuu. Nahisi modeli, yaani ile akili ya AI inayomwendesha, ni dhaifu, nataka kuhamia ile kubwa ya bei. Mnashauri ipi?

zabibu_kavu:
Chukua kubwa mkuu, cha bei kina sababu yake.

Mama_Hombolo:
Mwanangu, kabla ya hizi mashine foremani alikuwa na daftari na kalamu ya kuazima na maji yalitoka. Watu wanakaa foleni na ndoo kiangazi hiki, nyie mnaachia mashine iamue nani aende saiti? Rudini kwenye daftari.

kisima_cha_kodi:
Weka hapa maelezo ya zana zako. Neno kwa neno.

Mchimba_Data:
Maelezo yapo sawa mkuu, modeli za sasa zinaelewa zenyewe. Mi nauliza modeli tu.

Nondo16:
Mimi nilikuwa storekipa Mtumba wakati majengo ya serikali yanapanda. Injinia kaniandikia kikaratasi "leta nondo". Nikapeleka za milimita 12, yeye alitaka 16, akanifokea mbele ya vibarua wote. Nikamwambia bosi, karatasi yako ndo imeniagiza. Mpaka leo nikiandika oda naandika kipimo, idadi na zinaenda wapi, hata nikimtuma mtoto dukani. Kwahiyo mkuu weka maelezo tuone.

Mchimba_Data:
Haya.
badilisha_kazi: "Inabadilisha kazi."
sasisha_kazi: "Inasasisha kazi."
funga_kazi: "Inashughulikia kazi."
Zipo nyingine kumi na moja, nyingi nilikopi hiyo ya mwisho, nilikuwa na haraka. Na meseji iliyoleta balaa ni hii: "wafunge pampu Chamwino 5/9 saa tatu asubuhi". Ajenti akasoma Mei 9, saa tisa usiku, akaona imeshapita, akafunga kazi. Mafundi hawakwenda, wanakijiji wakakaa pale kisimani mpaka jioni. Bosi nimeshamwambia tatizo ni modeli na ameshalipia ile kubwa ya mwaka mzima. Ila bado naona ni uamuzi sahihi.

Chai_Detecta:
Chai hii. Kampuni ndogo ya visima ina ajenti, ina zana kumi na nne, halafu meseji moja inakosewa sehemu tatu kama imetungwa? Na umekuja kuuliza modeli ipi wakati imeshalipiwa. Kesho utatuuzia kozi.

Mchimba_Data:
Sina kozi ndugu yangu. Nilificha malipo kwa aibu. Kuna mama alibeba madumu sita kwa punda kuja kusubiri maji, akarudi nayo matupu, amenipigia mwenyewe.

kisima_cha_kodi:
Iwe chai isiwe, kosa hili lipo na ni la lugha yetu. Modeli haioni kodi yako ya nyuma, yaani programu uliyoandika, inaona jina la zana, maelezo na parameta (nafasi za kujaza kama tarehe na saa), kwa hayo ndo inachagua. Kwetu kufunga pampu ni kuiweka, na zana yako inaitwa funga, sasa ulitaka ishike ipi? Hiyo kubwa nayo itasoma maneno hayohayo. Ipe jina kamilisha_kazi na uandike: "Inaweka kazi kuwa imekamilika. Itumike pale tu fundi aliyepangiwa anaposema kazi imeisha. Isitumike kwa kufunga kifaa kama pampu au bomba, wala kwa sababu tarehe imepita. Uliza kwanza kabla ya kukamilisha." Hizo badilisha na sasisha tupa moja, inayobaki iseme inagusa nini, kama ni tarehe iitwe sogeza_tarehe. Tarehe iwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-09-05, na useme mafundi wanaanza na siku. Saa iwe ya 24, na uandike wazi kwamba saa tatu asubuhi ni 09:00. Hali ya kazi usiache iandike inachotaka, orodhesha maneno yanayokubalika. Halafu chukua meseji za zamani uzipitishe kwenye mfumo wa majaribio, usijaribie kwa wanakijiji.

Mchimba_Data:
Nimekesha nayo, kwa modeli ileile ya zamani. Meseji ishirini, kumi na tisa zimeenda sawa, na ile ya Chamwino imekaa 09:00. Iliyokosea ni "kazi ya kongwa imeisha", fundi alikuwa anauliza, hakuweka alama ya kuuliza. Ajenti hakukamilisha hapohapo, aliomba uthibitisho, fundi akajibu "ndio nauliza", ajenti akasoma ile ndio tu, akakamilisha.

Nondo16:
Na bosi?

Mchimba_Data:
Naingia ofisini kwake kesho saa mbili. Napeleka maelezo ya zamani na mapya yote, ayasome mwenyewe.