Rubani wa ATPL kurudishwa mitihani Ulaya: usalama au kulinda ajira?

Mbawa_Mbili: Mtu wa nje ya Ulaya ana ATPL ya kwao, yaani leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege za abiria, na saa 6,000 za kurusha Boeing 737. Akitaka leseni ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, anaanza upya: mitihani 14, kila mmoja asilimia 75. Mnaoitetea, jibuni.

Kengele: Ni 13 mkuu, ile miwili ya mawasiliano iliunganishwa. Na darasani harudi mzimamzima: chuo kinapima uzoefu wake, kinapendekeza masomo yapunguzwe, mamlaka inaamua. Mitihani ndiyo haina msamaha. Wengi wanakwama kwenye taratibu. Karatasi zote ziwe chini ya nchi moja. Ukianzia Austria, malizia Austria. Miezi 18 inahesabiwa tangu mwisho wa mwezi uliokalia karatasi ya kwanza. Ukifeli karatasi moja mara nne, seti nzima unairudia, hata ulizofaulu.

Mbawa_Mbili: Mmarekani ana karatasi moja tu ya ATP, ndiyo ATPL ya kwao, na kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye shirika la ndege hukigusi bila saa 1,500. Ninyi wa Ulaya mnamkalisha hapo mtoto wa saa 200 halafu mnajifanya wakali.

Kiti_cha_Kulia: Mtoto nani? Sheria hiyo ya saa 1,500 ilizaliwa na ajali ya ndege ya abiria, Colgan 3407, kule Buffalo, Marekani, Februari 2009. Kapteni alikuwa na saa zaidi ya 3,000, msaidizi zaidi ya 2,000. Wote walishavuka hizo 1,500 zako! Ndege iliishiwa mwendo, kapteni akavuta usukani badala ya kuusukuma.

Mbawa_Mbili: Na uchovu je? Msaidizi alisafiri usiku kucha akitoka Seattle kuwahi zamu. Hilo unaliruka.

Kengele: Jamani, leseni. Idhini ya 737 inahamishwa kama una saa 500 kwenye aina hiyo, bado unairusha, na umefaulu jaribio la vitendo. Zikipungua, kozi ya aina hiyo ya ndege inakuhusu.

Mbawa_Mbili: Asante, ila Waingereza? Hadi 31 Desemba 2020 leseni yao ilikuwa hiyohiyo ya EASA. Kesho yake, Brexit ilipokamilika, wakawa wageni. Walisahau kurusha usiku wa mwaka mpya?

Kengele: Walikuwa na muda wa kuihamishia Ireland au Austria. Waliochelewa ndio hao wanaokalia mitihani ileile waliyokwisha kuifaulu. Hapo sina utetezi.

Kiti_cha_Kulia: Turudi kwa saa 1,500. Aliyetoka jeshini Marekani anakaa kulia na 750. Mbona hukutaja?

Mbawa_Mbili: 750 si 200, ndugu yangu.