Tupeane uzoefu: uliagiza mtandaoni hapa Uganda, ukaletewa nini?

Bint Kisenyi
Habari zenu jamani. Naanza mimi maana aibu imeshaisha. Kabla ya Ramadhani nilikuwa natafuta friza ya kuuzia juisi na barafu hapa nyumbani, dukani mpya zinaanzia milioni na kitu, mi nilikuwa na laki saba tu. Basi nikaingia Facebook, na mnajua hapa kwetu imefungwa tangu Januari 2021 kwa hiyo lazima uwashe VPN (programu ya kuzunguka kizuizi), VPN yenyewe ikaniweka Uholanzi nikawa naletewa matangazo ya baiskeli za Kizungu siku mbili nzima 😂. Siku ya tatu nikaingia grupu moja la vitu vya mkono wa pili Kampala, nikaona friza nyeupe safi, 650,000. Nikampigia muuzaji, sauti ya upole, ananiita dada, stoo yake iko Kikuubo, mzigo upo, ila tanguliza 80,000 ya pikapu.

Nikatuma. Na hapa ndipo najilaumu, maana kabla ya kubonyeza pini simu ilinionyesha jina la mwanamke kabisa! Namuuliza, ananiambia hiyo laini ni ya mke wangu. Nikakubali kama mjinga. Baada ya nusu saa akapiga tena, mlinzi wa geti anataka 50,000 ndo aachie mzigo. Hapo akili ikarudi. Nikamwambia nakuja mwenyewe na boda nimlipe huyo mlinzi mkononi, akakata simu mpaka leo.

Usiku nikaikagua ile picha vizuri. Ukutani nyuma ya friza soketi ina matundu mawili ya duara! Sisi soketi zetu si za pini tatu bapa? Yani picha imetoka nchi nyingine huko, na mimi niliitazama mara ishirini nikawa naangalia friza tu. Haya na nyie semeni, tusichekane sana.

Kaka Mkubwa
Pole dada lakini tamaa ya bei rahisi nayo. Mufere, yani tapeli, hakulazimishi.

Bint Kisenyi
Bei haikuwa rahisi hivo kaka, mitumba ya friza huko Ndeeba ni hapo hapo. Wangeweka laki mbili ningeshtuka. Wameweka bei ya kweli, ndo ujanja wao.

Mama Zulekha wa Arua
Pole mwanangu. Mi nanunua vitenge na shuka Kampala mwaka wa nne sasa bila kukanyaga huko, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Nimempata muuzaji mmoja kwa WhatsApp kupitia mke wa shemeji yangu, sikumwokota barabarani. Mwanzo nilimsumbua sana yule binti. Nikamwambia piga simu ya video ukiwa dukani, geuza kamera nione mlango na majirani, alaf andika jina langu kwenye karatasi uiweke juu ya kitenge ninachotaka upige picha. Mtu aliyeiba picha ya mwenzake hawezi kufanya hivo. Akacheka akafanya.

Malipo tunagawa, nusu natuma, anapeleka mzigo Arua Park huko huko Kampala kwenye basi, ananipigia picha kile kikaratasi cha pasel, ndo namalizia. Lakini siri nyingine ni hii, mzigo ukifika usiubebe ukaenda nao nyumbani. Fungua pale pale stendi. Mara moja nililipia vitenge vya yadi sita, kimoja nikakipima nyumbani kikawa yadi tano, nampigia ananiambia mama labda wamekata kwenye basi. Nani anakata yadi moja ya kitenge kwenye basi jamani? Alinirudishia lakini tulinuniana wiki mbili.

Wakala_Busia
Mi niko kwenye kibanda cha mobile money miaka saba, haya naona kila siku. Wauzaji nao wanaibiwa tena vibaya. Mteja anakuja kuchukua simu au viatu, anasema nimeshatuma, na kweli meseji inaingia kwenye simu yako "umepokea 350,000", kila kitu kimepangwa sawa hadi salio jipya. Kumbe imetoka kwenye namba ya kawaida tu ya mtu. Angalia juu kabisa imetumwa na nani, na hata ukiona jina limekaa vizuri usitoe mzigo, piga *165# kama ni MTN au *185# kama ni Airtel uone salio lako kwa macho yako. Dakika moja tu. Mteja akikasirika eti humwamini, mwache akasirike.

Alaf ile ya "nimekutumia kwa makosa nirudishie". Usirudishe wewe mwenyewe. Mwambie apigie mtandao wake warudishe wao, kama ni kweli atakubali.

Na kwa wageni wa hapa, muuzaji akisema tuma na ya kutolea huyo hajakuibia, ndo desturi yetu, kutoa hela kuna makato ya mtandao na juu yake kodi ya serikali asilimia 0.5 (ilianza 2018 kwa asilimia 1 watu wakapiga kelele). Ila muulize mapema inaingia kwenye bei au la, nimeona watu wanagombana kwa elfu mbili mbele ya kibanda changu.

Fundi Simu
Simu ndo kwangu. Mtu ananiletea kitu kimeandikwa 512GB, tukifungua ndani kuna 16, programu imechezewa idanganye. Kabla hujalipa piga *#06#, namba zinazotokea (ndo IMEI, utambulisho wa simu) zifanane na za kwenye mipangilio na za kwenye boksi. Kama ni iPhone mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako na aifute yote, uiwashe upya mpaka mwisho, akisema nywila nimeisahau nitakutumia jioni, ondoka. Hiyo utabaki nayo kama kioo cha kunyolea ndevu.

Na risiti iandikwe IMEI, jina, na upige picha ndaga muntu (kitambulisho cha taifa) ya muuzaji. Mteja wangu mmoja alinunua simu nzuri kabisa mtandaoni, wakakutana njiani, hakuna karatasi. Miezi miwili polisi wakamfuata, simu ya wizi. Simu ilikwenda, hela ilikwenda, na usiku mmoja alilala huko.

Dada wa Wilson Road
Sasa nisemee upande wetu maana mnatupiga tu. Mimi nauza blenda, pasi na majiko ya gesi, natangaza status na TikTok. Mteja anaagiza, nampa boda mzigo mpaka Kira, boda akifika simu imezimwa. Au anatoka anaangalia anasema nilidhani ni kubwa. Boda anataka hela yake ya kwenda na kurudi, nani analipa? Mimi. Mwezi mmoja nililipa safari tisa za bure. Ndo maana tunaomba ya usafiri kwanza, sio wote bafere.

Bint Kisenyi
Nimekuelewa dada yangu, na ndo ilivonikamata, maana ombi lenyewe ni la kawaida. Sasa mimi mteja nitakujuaje wewe na yule wa Kikuubo?

Dada wa Wilson Road
Niambie unakuja dukani, utasikia nitakavyojibu. Mi nakuelekeza jengo, ghorofa, namba ya duka, nakwambia uliza mlinzi. Na nalipwa kwa namba ya duka ya MoMoPay, ukiiingiza inatokea jina la duka, sio jina la mke wa mtu 😅. Tena kuna sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011, inamtaka anayeuza mtandaoni aseme jina lake kamili na anapopatikana. Muuzaji akikasirika ukimuuliza anwani, jiulize.

Mzee wa Bombo
Wanangu salaam. Nilipostaafu nilitaka gari kutoka Japani kwa mtandao. Jambo la kwanza karibu linitie hasara ni mwaka. Tangu Oktoba 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliingii Uganda, na tangazo linaweza kuandika mwaka wa kusajiliwa, gari likawa limetengenezwa mwaka mmoja au miwili nyuma yake. Mimi niliomba namba ya chesesi nikahakikisha, moja nililolipenda sana nikaliacha hapo.

La pili ndilo zito. Tulikubaliana bei na usafiri mpaka Mombasa, wakanitumia ankara kwa imeili. Siku mbili baadaye ikaja imeili nyingine, nembo ileile, jina la yule kijana niliyekuwa naandikiana naye, inasema benki yetu inakaguliwa, tuma kwenye akaunti hii nyingine. Akaunti iko nchi tofauti kabisa. Mimi jeshini nilifundishwa amri ikibadilika ghafla unauliza kwa redio nyingine. Sikujibu ile imeili. Nilichukua namba ya simu kwenye tovuti yao niliyoiona mwanzo, nikapiga, salio likaliwa vizuri, wakaniambia hatujabadilisha chochote. Kumbe kuna mtu alikuwa ndani ya imeili anasoma maongezi yetu yote. Kampuni siitaji kwa sababu gari lilifika zima. Ila mtu akinunua gari akasahau ushuru, hilo ni kosa lingine, bei ya Mombasa ni mwanzo tu, piga hesabu ya kodi kabla hujatuma dola moja.

Bint Kisenyi
Mzee shikamoo, hiyo ya redio nyingine nimeiandika.

Chipukizi wa Ntinda
Mi naagiza China. AliExpress inashikilia hela mpaka uthibitishe umepokea au muda upite, watu wanasema basi uko salama. Sawa, lakini sisi wengi tunapeleka mzigo kwanza kwa wakala wa kago kule Guangzhou. Mfumo unaona umefika! Muda wa kulalamika unaanza kuhesabu, wewe mzigo wako uko kwenye meli inakwenda Mombasa, miezi. Nilifungua boksi Kampala nikakuta viatu vyote vya mguu wa kushoto, vinne, muda ulishapita zamani. Siku hizi nalipa wakala hela kidogo afungue boksi kule anipigie picha. Na uliza kago wanapima kilo au ukubwa wa boksi, mto wa sofa ni mwepesi lakini nilitozwa kama tofali.

Kaka Mkubwa
Vya kushoto vyote vinne 😂😂😂 nisamehe. Na mimi niseme basi, niliyemwambia dada tamaa. Mwaka jana nilipigiwa eti pasel yako imekwama, tusomee namba tuliyokutumia kwenye simu tuiachie. Nikasoma. WhatsApp yangu ikachukuliwa, wakaanza kukopa kwa jina langu, mama mkwe alituma laki moja. Sijamwambia mke wangu mpaka leo.

Bint Kisenyi
Aaah kumbe! 😂 Karibu kundini kaka.

Jamani kuna friza nyingine nimeiona, muuzaji yuko Ndeeba, kaniambia njoo uangalie mwenyewe. Fundi, niangalie nini?

Fundi Simu
Mi wa simu bwana, lakini jirani yangu wa mafriji anasema fika bila kupiga simu kwanza, uikute haijawashwa, iwashe wewe, usikilize, kaa hata saa nzima uone kama ubaridi unapanda sawasawa. Angalia mpira wa mlango. Na ukiisafirisha isimame wima, ukifika iache itulie saa kadhaa ndo uwashe.

Bint Kisenyi
Kesho asubuhi naenda na mdogo wangu, tutabeba chai na mandazi tukae hapo hapo. Picha nitaweka, na soketi itaonekana.