Stendi za nota za zawadi zinazoinama zenyewe: mafundi, mpaka lini?

Wakuu salaam. Uzi huu una povu, anayetafuta picha za sofa apite tu.

Ukifika msimu wa jubilei na kuaga walimu wa kwaya, kila mwenye randa anageuka bingwa wa stendi za nota. Kwenye picha kitu kinang'aa: mbao nyekundu, kinubi kimechongwa katikati, jina la mwalimu limechomwa kwa herufi za kujipinda. Wanakwaya wanachangishana, wanalipa, wanafunga utepe. Jumapili ya kwanza mwalimu anaweka kitabu, anageuza ukurasa, na ubao unaanza kuinama polepole kama mzee anayesinzia kwenye mahubiri. Ubeti wa pili anaongoza kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia zawadi yake.

Msiseme ni bahati mbaya. Ni uzembe uleule unaorudiwa, na leo nautaja mmoja mmoja.

Kwanza uzito. Nani aliwaambia ubao wa juu uwe wa mkongo, mbao nzito ile, wa inchi nzima? Ubao wa sm 50 kwa 34, unene sm 2.5, kwa mkongo ni kilo 3.4 hivi kabla hujaweka hata karatasi. Plaiwudi ya mm 6 kwa vipimo hivyohivyo ni kama gramu 600. Mnapandisha kilo tatu juu ya mti mwembamba halafu mnashangaa inapepesuka! Uzito ukae chini, kwenye miguu na shina. Mkitaka uzuri wa mninga, zungusheni fremu ya mninga ya mm 18 kwenye plaiwudi, mmemaliza.

Vipimo vya ubao navyo mnakisia. Karatasi ya A4 ni mm 210 kwa 297. Mbili zikilala pamoja ni mm 420, na kitabu kilichofunguliwa kinahitaji nafasi ya kupumua, ndiyo maana ya sm 50. Mtu anatengeneza ubao wa sm 35 kwa sababu "umependeza", kurasa za pembeni zinaning'inia hewani.

Halafu kizuizi cha chini. Kina kiwe mm 45, kijiukingo cha mbele mm 12, basi. Kuna wanaoweka ukingo wa sm 3 wenye maua ya kuchonga. Kwenye nota za sauti nne mstari wa mwisho chini ni besi. Mmewafichia besi wote! Na kizuizi kikae digrii 90 na ubao, kipimwe kwa guni, ile rula ya pembe mraba. Wapo wanaokiweka sambamba na sakafu kwa pimamaji, eti kimenyooka. Ubao ukilala nyuma digrii 25, kizuizi cha namna hiyo kinaacha pembe ya digrii 115, na karatasi inateleza mguu wake mbele mpaka idondoke. Kishikilieni kwa gundi na skrubu nne kutoka nyuma, mkitoboa kwanza kwa biti ya mm 3. Bila kutoboa, mninga utapasuka palepale ukingoni na mtaficha ufa kwa vumbi la mbao na gundi. Tunawajua.

Miguu ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa hiyo hapa nakaa.

Miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa na mabonde, sawa. Lakini hesabu yake hamuifanyi. Kila mguu ukitoka sm 30 kutoka katikati, stendi haina sm 30 za usalama. Ikisukumiwa kati ya mguu na mguu ina sm 15 tu kutoka katikati, nusu kamili. Ya miguu minne yenye urefu uleule ina sm 21. Sasa mtu anatengeneza mitatu ya sm 20 ili "isichukue nafasi", maana yake sm 10 za usalama chini ya kitu cha zaidi ya mita moja. Mtoto wa sekondari anaona hilo. Mitatu iwe sm 32 au zaidi, na mguu mmoja uelekee mbali na mwalimu, kwa sababu mkono unaogeuza ukurasa unasukuma upande huo.

Na mnavyoikata sasa. Mguu wa kujipinda kama mkia wa paka mnaukata kwenye ubao mmoja ulionyooka, kwa hiyo pale unapopinda zaidi nyuzi za mbao zinapita kwa kukata mguu, haziendi nao. Ni kuvunja biskuti. Kinubi cha katikati ni ugonjwa huohuo: tao la upana wa mm 10 lenye nyuzi fupi, likigongwa na kiti linabaki mkononi. Kama lazima kinubi, kikatwe kwenye plaiwudi ya mm 12, ambayo nyuzi zake zimepishana.

Shina linalosimama liko hivi, kwa mwalimu anayeongoza akiwa wima. Mbao mbili za nje, mm 60 kwa 20, urefu sm 75. Katikati yake gundisha ya tatu ya unene uleule, ila iwe ya sm 30 tu na ikae chini. Juu inabaki nafasi ya sm 45 ambamo ulimi wa kupanda na kushuka unaingia. Huo ulimi una urefu wa sm 60, upigwe randa mpaka mm 19.5, maana ukiwa 20 kamili mvua za masika zitaufungia humo. Matundu ya mm 10 kila baada ya sm 5, kijiti cha mbao ngumu kinapita. Usiache chini ya sm 20 za ulimi ndani hata ikipandishwa mwisho. Sehemu ya chini, ambayo sasa ni gogo la mm 60 kwa 60, sm 18 zake za mwisho zipigwe randa ziwe na bapa sita, mm 52 bapa kwa bapa. Miguu inaingia kwenye bapa tatu, ukiruka moja moja, na digrii 120 zinajipata zenyewe bila kubahatisha. Ndimi za miguu, yaani ncha zinazochomekwa kwenye shina, ziwe na unene wa mm 12, kina mm 20. Ukizidisha zitagongana katikati, na hapo utaanza kuzipunguza kwa patasi mpaka zilegee. Chini kabisa funga kibati cha mm 2 kwa skrubu, kishike miguu yote mitatu.

Anayebandika mguu bapa kwa bapa kwa gundi na misumari miwili, aache ufundi wa zawadi atengeneze makreti ya nyanya. Kichwa cha mbao kilichokatwa kinakunywa gundi, hakishiki. Msumari nao unalegea kila mguu unaposukumwa.

Mwisho, kiungo cha kuinamisha. Bolti moja, washa ndogo kama shilingi, nati ya masikio, kwisha. Mbao inabonyea chini ya washa, nati inalegea, ubao unalala. Wekeni masikio mawili ya mbao nyuma ya ubao, mm 20 unene, mm 60 kwa 120, kichwa cha ulimi kikae katikati yake. Bolti ya mm 8, washa pana kila upande, na kati ya mbao na mbao kipande cha ngozi. Tena msitegemee msuguano peke yake: sm 6 chini ya bolti toboeni matundu matatu kwa tao kwenye masikio, digrii 25, 40 na 55, na moja kwenye ulimi. Kijiti cha mm 8 kikipita, ubao hauna pa kwenda hata nati ikilegea.

Kabla ya kufunga utepe, weka pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye kizuizi, chora mstari wa penseli unaopita kwenye ulimi na sikio, nenda kalale. Asubuhi mstari ukiwa umekatika, hiyo si zawadi, rudisha karakana.

Nawasilisha.

Randa Butu: Mkuu, povu lako limejaa ukweli lakini umetuonea. Mteja anakuja Alhamisi na picha ya Ulaya kwenye simu, anataka Jumamosi. Mbao iliyopo sokoni ni paini mbichi kutoka Mufindi, inatoka maji ukiiminya. Utafanyaje?

Mleta mada: Kataa kazi! Gundi nyeupe ya mbao inataka saa 24 kufikia nguvu yake, vanishi ya mafuta inataka wiki, na zaidi pwani. Ukikabidhi ikiwa bado inanata, karatasi zinaacha ngozi yake ubaoni. Na mbao mbichi ukiifunga Jumamosi, ndimi zitakonda, kila kiungo kitacheza baada ya miezi miwili. Mizani ya duka inatosha: pima kipande, andika uzito kwa penseli juu yake, pima tena kila wiki. Ukiacha kushuka, imekauka kiasi cha hewa ya hapo ulipo. Mninga unasifika kwa kutocheza ukishakauka, ndiyo sababu ya kuulipia.

KinandaJuu: Hamjagusa mapangaboi. Makanisa yetu yana feni za dari, stendi ikisimama vizuri karatasi zinaruka zenyewe. Huku tunabana na vibanio vya nguo, zawadi ya thamani yote ile ina kibanio cha pinki.

Mleta mada: 😂 Hilo halina gharama. Chimba mfereji mwembamba juu ya ubao, pitisha kamba mbili za ngozi zenye kijiwe au kipande cha mpingo mwishoni. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kipande cha kidole kinatosha kulaza ukurasa. Vipande hutupwa kwenye karakana za wachonga vinyago. Mti unaopelekwa ng'ambo kutengenezewa klarineti, sisi tushindwe hata kulazia karatasi?

Mpwani wa Kale: Assalaam alaykum. Nyie mnazungumza kwaya, sie huku Unguja wapigaji wa taarab wanakaa vitini. Wa fidla na nai (filimbi) hawataki stendi ya sm 90, itawaziba uso. Kizuizi kiwe sm 65 hadi 75, kwa hivyo mbao za nje zishuke hadi sm 50, ile ya katikati sm 20, na ulimi sm 40. Na la pili, tafadhali sana, hizi skrubu za chuma cha kawaida kwa hewa ya chumvi ni kutu tu, michirizi inashuka kwenye mbao. Shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Ya shaba ni laini, tangulizeni ya chuma itengeneze njia, itoeni, ndipo mtie ya shaba, la sivyo kichwa kinakatika ndani.

Mleta mada: Sheikh, hapo kwenye skrubu umenifunga mdomo. Lipo la kuongeza kwa wanaowatumia ndugu zao walio Ulaya: nyumba za kule zikiwashwa joto wakati wa baridi, hewa ya ndani inakauka mno. Ubao wa mbao nzima uliogundishwa mikanda ya kukata nyuzi kwa nyuma utapasuka katikati. Mikanda ifungwe kwa skrubu tu, bila gundi, matundu ya pembeni yarefushwe mm 3 ili mbao ipate kusogea. Au tumia plaiwudi kama nilivyosema.

Besi wa Nyuma: Asante kwa kututetea kuhusu ule ukingo. Swali: maandishi ya pongezi yakae wapi? Zote nilizoziona zimeandikwa ubaoni, nota zikiwekwa hayaonekani.

Mleta mada: Nyuma ya ubao, upande unaotazama kwaya na waumini. Choma KABLA ya vanishi, baada ya msasa namba 240, na mtu wa pili asome herufi kwanza. "HOGERA MWALIMU" haifutiki, ni kupiga randa upya.

Randa Butu: Sawa nimekubali kuchapwa. Moja la mwisho: nina vipande vya mtiki vya Longuza, lile shamba la miti la Tanga, gundi inabanduka kila mara, viungo vinatoka safi kabisa kama havijawahi kupakwa.

Mleta mada: Mtiki una mafuta yake ndani. Piga randa au msasa sehemu ya kiungo siku hiyohiyo ya kugundisha, ifute kwa kitambaa chenye asetoni, subiri ikauke dakika mbili tatu, paka gundi papo hapo na ufunge klampu. Ukiacha mpaka urudi kula chakula cha mchana, mafuta yameshapanda tena juu, anza upya. Na kama utamalizia kwa mafuta ya kitani, yale matambara usiyakunje ukayatupa kwenye kona ya vumbi la mbao. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Randa Butu: Asetoni inapatikana wapi kwa bei ya kueleweka? Thina je?

Mleta mada: Thina ya selulosi, ile ya wapaka rangi magari, inafaa. Fungua madirisha.