Mrejesho: gari la kilomita 9 kwa lita

Wadau, nimerudi. Mwezi jana niliwalilia kwamba gari langu la mtumba, injini ya cc 1500, linanipa kilomita 9 tu kwa lita hapa Nakuru.

Nilianza na yaliyo rahisi: upepo wa tairi, plagi, kichujio cha hewa kilichokuwa cheusi kama sufuria ya githeri. Tofauti ikawa kiduchu. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini, nilibadilisha kwa pupa. Hiyo pesa imeenda bure. Aliyesema niangalie mshale wa joto, chai yako iko kwangu! Nilifika Gilgil mshale ungali chini. Fundi kufungua, themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, haimo kabisa. Aliyeniuzia aliing'oa, kwa hiyo injini haikupata joto, na kompyuta ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, ikazidi kulimwagia petroli.

Tumeweka mpya. Sasa, kwa hesabu ya tangi kujaa hadi kujaa, napata 13 nikienda Naivasha. Kwenye foleni za mjini bado ni 10. Halafu gurudumu la nyuma kushoto linachoma mkono baada ya safari, nadhani breki inashika. Jumamosi linafunguliwa.

Asanteni sana.